Kuhusu Asili ya Kijani cha Bega

Kwako Mhariri wa jarida la reli, wewe unayesimamia ukurasa wa mwisho wenye kichwa "Neno na Asili Yake",

YAH: MAKOSA KATIKA ASILI YA NENO "KIJANI CHA BEGA", TOLEO LA MWEZI ULIOPITA

Natanguliza salamu na heshima. Barua hii nimeiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa na neno "samahani" mara kumi na tisa, nikaona hiyo haiwezi kuitwa barua ya malalamiko. Hii inalo mara tatu tu, moja umeshalisoma, na jingine si langu.

Mimi ni mshika bendera wa muda katika stesheni ndogo ya njia moja, ile yenye jukwaa fupi kuliko treni yenyewe. Nilimaliza shule mwaka jana. Kazi yangu ni kusimama mwisho wa jukwaa na kunyanyua bendera ya kijani treni ikiruhusiwa kuondoka, au nyekundu kama bado. Hakuna kusema, na ndiyo maana nilipewa. Mama alitaka nikakae saluni kwa shangazi, lakini saluni ni kazi ya mdomo kutwa nzima, na mimi hata mteja akiniuliza "Hujambo?" nahitaji muda wa kujiandaa. Mjomba, ambaye ndiye mkuu wa stesheni, akamwambia mama, "Huyu nipe mimi, dada. Bendera haiongei."

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Katika toleo la mwezi uliopita mliandika hivi:

"KIJANI CHA BEGA. Maana: ruhusa inayotolewa bila moyo, ambayo mwenye kuitoa anaomba kimoyomoyo isitumike. Asili: Zamani sana, mkuu mmoja wa stesheni alivunjika bega akimwokoa abiria aliyeteleza jukwaani. Kwa siku arobaini aliendelea kupeperusha bendera bila kuomba likizo, ingawa mkono wake haukuweza kupanda juu ya bega. Madereva, kwa kumheshimu, waliikubali ishara hiyo na kuipa jina. Imeletwa na Msomaji wa Muda Mrefu."

Ndugu Mhariri, nimeyasoma maneno hayo mara nyingi sana, nyingine nikiwa nimefumba macho. Hayana ukweli. Asili ya neno hilo ni mimi.

Naeleza. Ilikuwa Jumanne, wiki yangu ya pili kazini, treni ya abiria ya saa nne asubuhi. Mjomba alikuwa ofisini, simu sikioni, akibishana na stesheni ya mbele juu ya behewa moja la saruji lililopotea. Akanionyesha kwa dirisha kwamba njia iko wazi, kisha akanipa mgongo akaendelea kubishana. Kitabu cha kanuni kinasema bendera ya kijani inyanyuliwe juu ya kichwa, mkono ukiwa umenyooka, mpaka dereva aitikie kwa honi. Kifungu hicho nakijua kwa moyo. Lakini treni ilikuwa na mabehewa tisa, na kila dirisha lilikuwa na uso. Nikanyanyua bendera mpaka begani, mkono umekunjwa, kama nilivyokuwa nikinyanyua mkono darasani: kiasi cha mwalimu kuniona akitaka, na kutoniona akipenda.

Dereva wa siku hiyo ni yule ambaye wenzake wanamwita Kifungu, kwa sababu hafungui hata mlango wa choo bila kanuni. Kwake yeye, bendera iliyo chini ya kichwa ni kitambaa tu. Akasubiri. Nami nikasubiri, nikishangaa kwa nini haendi. Nilibadilisha mkono mara mbili. Mama mmoja katika behewa la tatu akamwambia mwenzake, "Mwache mtoto wa watu ajipepee, jua kali." Mzee aliyekuwa nyuma yao akajibu kwamba siku hizi vyeo vinagawiwa tu. Ningeweza kutembea mpaka mbele nikamwambie dereva aende, lakini ningelazimika kupita mbele ya madirisha yote yale. Nikaona bora tukae.

Tulikaa dakika thelathini na saba.

Mwishowe Kifungu akamtuma msaidizi wake. Kijana yule alitembea jukwaa zima, akasimama mbele yangu, akauliza kwa adabu, "Dada yangu, samahani, hiyo ni ruhusa au unafukuza inzi?" Nikamjibu kwamba ni ruhusa, kwa sauti ambayo nadhani aliiona zaidi kuliko kuisikia. Akageuka, akaweka mikono mdomoni, akamwita dereva huku stesheni nzima ikisikiliza: "Ni kijani, mkuu! Ila cha bega!"

Hapo ndipo neno lilipozaliwa, Ndugu Mhariri. Nilikuwepo, na nilikuwa nimelishika.

Kufikia Ijumaa kila dereva wa njia yetu alikuwa analo. Gadi mmoja wa treni ya abiria alisema kwamba wakwe zake walimkubali kwa kijani cha bega. Fundi wa reli aliomba likizo, msimamizi wake akamwambia "Tutaona, tutaona," fundi akaenda kuwaambia wenzake kwamba amepewa kijani cha bega na wasimtegemee. Neno lilikuwa jipya kabisa, ila tayari lilikuwa na safari nyingi kuliko mimi.

Sasa malalamiko yangu.

1. Kuhusu wakati. Mmeandika "zamani sana". Neno hili lina miezi mitano. Viatu ninavyovaa kazini ni vikubwa kwa umri kuliko neno hili.

2. Kuhusu mantiki. Kama mkuu huyo wa stesheni alikuwa shujaa kiasi hicho, amevunjika bega na bado anatoa ruhusa kwa moyo wake wote, imekuwaje neno limaanishe ruhusa isiyo na moyo? Madereva waliomheshimu walikuwa wanamheshimu au wanamsengenya? Shuleni sikuwa mwanafunzi wa kujivunia, lakini hata mimi jibu kama hilo nisingelinyanyulia mkono, wala wa kufika begani. Naamini huyo Msomaji wa Muda Mrefu ni mtu asiye na aibu hata chembe, na hana ndugu wa kumshauri.

3. Kuhusu yanayonipata kazini kwa sababu ya uongo huo. Mjomba alikata ukurasa wenu, akautia kwenye fremu, akautundika kando ya ratiba ya treni. Alitumia misumari minne, wakati ratiba yenyewe ina miwili. Kila asubuhi nafuta vumbi kwenye fremu hiyo. Namfuta vumbi mtu ambaye hakuwahi kuwepo, kwa kosa nililolifanya mimi.

Na watu wameanza kumkumbuka. Gadi wa treni ya mizigo amesema baba yake alimfahamu, na kwamba alikuwa mrefu. Karani wa tiketi wa stesheni ya mbele, aliyekuja kwetu kuazima karatasi, akasema hapana, alikuwa mfupi mwenye sharubu. Walibishana mpaka chai ikapoa, kisha wakapatana kwamba alikuwa mrefu lakini maumivu yalimwinamisha. Sharubu wakaziacha. Na mama anayeuza chai jukwaani, ambaye nampenda sana, alisimama mbele ya fremu, akajifuta macho kwa kanga, akaniambia, "Ungepata japo robo ya moyo wa mzee yule, mwanangu, ungefika mbali." Nikamwambia, "Ndiyo, mama." Ningesema nini kingine?

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Lilimhusu shangazi na halikuwa na uhusiano na reli.

5. Kuhusu nyumbani. Neno limeshuka kwenye treni likaja kwetu. Juzi nilimwomba mama nikamtembelee rafiki yangu wa shule. Mama, bila kuinua kichwa kwenye cherehani, akasema, "Nenda tu, kama umeshaamua." Mdogo wangu wa darasa la tano akaruka, "Dada usiende! Hicho ni kijani cha bega!" Mama akacheka mpaka akatoboa kidole. Kisha mdogo wangu akanieleza maana yake, polepole, akinionea huruma, kwa kuwa anajua mimi nashughulika na bendera tu na mambo makubwa ya reli siyajui. Akamalizia na habari za mzee wa bega. Shuleni kwao wameshamwigiza. Yeye alikuwa abiria aliyeteleza.

6. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Muda wangu wa majaribio unaisha Jumatatu. Siku hiyo anakuja mkaguzi wa kanda kunihoji na kuamua kama nitaajiriwa au nitarudi kwa shangazi saluni. Wote waliopita mikononi mwake wanasema maswali yake huyatoa kwenye ukurasa wenu, maneno mapya kwanza. Kwa hiyo ni hakika kama mchana kwamba Jumatatu nitaulizwa: "Kijani cha bega. Eleza maana na asili yake."

Nikijibu kama mlivyoandika, nitapata alama zote kwa kusema uongo juu ya maisha yangu mwenyewe. Nikisema kweli, nitakuwa nimekiri kosa. Na kanuni iko wazi: mtumishi wa majaribio akichelewesha treni zaidi ya nusu saa, anaondolewa. Mimi nilizidisha kwa dakika saba.

Utauliza, mbona sijaondolewa mpaka leo? Kwa sababu katika daftari la stesheni, mbele ya Jumanne ile, sababu ya kuchelewa imeandikwa hivi: "Ng'ombe kwenye njia." Sitasema ni nani aliyeandika. Ni mtu mwema anayenipenda, na mwandiko wake ni mzuri. Stesheni yetu ina watumishi wawili tu, na mimi sikuandika, kwa hiyo nakuomba sana usifanye hesabu.

Unaona nilipo. Siwezi kutamka ukweli mbele ya mkaguzi, kwanza kwa sababu ya ng'ombe, na pili kwa sababu siwezi kutamka kitu chochote mbele ya mkaguzi. Lakini ukweli ukishachapishwa na ninyi, mimi nitakuwa nausoma tu. Kusoma naweza.

7. Kwa hiyo naomba msahihishe asili ya neno kabla ya Jumatatu. Nimefikiria jinsi ya kulifanya jambo hili lisimuumize mtu. Msinitaje jina. Msitaje stesheni, wala cheo, wala kwamba ni msichana. Msitaje Jumanne. Msitaje treni, watu wasije wakaunganisha. Iandikwe tu: "Asili ya neno hili ni mtu fulani aliyefanya jambo fulani mahali fulani, na hakukusudia." Naona hiyo inatosha kwa historia.

Kama nafasi haipo, ninalo ombi la pili, ambalo ni rahisi zaidi. Kanuni ya bendera ibadilishwe, ishara ya begani ihesabiwe kuwa ruhusa kamili, na mabadiliko hayo yaanze kufanya kazi tangu miezi mitano iliyopita. Hapo sitakuwa nimekosea. Kama sikukosea, treni haikucheleweshwa na mimi bali na dereva. Kifungu atakubali mara moja, kwa sababu itakuwa kanuni. Na kama hakuna aliyekosea, neno halikuzaliwa, na mkaguzi hawezi kuniuliza asili ya neno ambalo halipo.

Kama hilo nalo ni gumu, basi naomba bendera ziondolewe kabisa kwenye reli. Madereva ni watu wazima. Wanafundishwa kusoma mvuke, vipimo, mteremko na kelele za magurudumu. Wanaweza pia kufundishwa kusoma uso wa mtu aliyesimama mwisho wa jukwaa, wakajua kwamba angependa waondoke. Mimi uso wangu ulikuwa unasema "Nendeni" dakika zote thelathini na saba. Abiria wa behewa la tatu walikuwa mashahidi, ingawa wao walidhani ni jua.

Na kama hakuna lolote kati ya haya linalowezekana, naomba Jumatatu iahirishwe.

Najua jarida lenu halina mamlaka juu ya Jumatatu. Lakini mliweza kumpa mtu asiyekuwepo bega, mkalivunja, na mkawaliza akina mama. Nami naamini mkitaka mnaweza.

Nakushukuru kwa kunisoma hadi hapa, jambo ambalo ana kwa ana nisingekuruhusu. Uwasalimie wachapaji, msahihishaji wenu, na yule anayechora picha za mabehewa, kwa kuwa anazichora vizuri na hakuna anayemwambia. Wasalimie na wa nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo. Kifungu nitakuwa nimeshamsalimia kwa ajili yako, kwa bendera. Kwa usumbufu wote, samahani, hili ndilo la tatu.

Ni mimi, mtiifu wako na wa kanuni,

Mshika bendera (wa muda, mpaka Jumatatu)

Tanbihi. Jumatatu, alasiri.

Barua hii haikuondoka Ijumaa. Barua zote za stesheni hupitia kwa mjomba kabla ya kutiwa kwenye mfuko wa barua wa gadi, na bahasha yangu haikuwa imefungwa vizuri. Aliisoma amesimama. Alipofika lalamiko la pili akavuta kiti. Alipomaliza alivua miwani, akaifuta kwa tai, akasema, "Mpwa wangu, huyo asiye na aibu ni mimi."

Nikaitazama fremu ukutani.

"Nilishaandika ng'ombe," akasema. "Kisha hilo neno lenu likaanza kutembea. Kila dereva analo. Nikajua iko siku mkaguzi atauliza limetoka wapi, na ng'ombe peke yao hawatatosha. Ikabidi nitafute mzee."

Nikamuuliza kwa nini ilibidi amvunje bega maskini wa Mungu.

"Ulitaka nimvunje nini?"

Kisha akasema barua ni yangu na ukweli ni wangu, nikitaka ataitia kwenye mfuko kwa mkono wake. Amebakiza miaka miwili astaafu. Hakulitaja hilo, nalijua kwa mama. Akatoka kwenda kumwagilia maua ya jukwaani, akamwagilia yote, akarudia.

Barua nikaizuia.

Leo mkaguzi alikuja na treni ya saa nne. Swali lilikuwa la saba. Mjomba alisimama mlangoni akitazama viatu vyake. Maana nikaieleza vizuri. Nilipofika kwenye asili nikafungua kinywa, na ikatoka sauti ambayo sijui ilikuwa imekaa wapi miaka yote hii, kwa sababu mama wa chai aligeuka kutoka mwisho wa jukwaa. Nikamsimulia mkaguzi habari za mkuu wa stesheni, abiria, na siku arobaini. Nikaona anaandika, nikaongeza kwamba mvua ilikuwa inanyesha. Nikaongeza kwamba mke wake alikuwa akija kila treni kumshikilia kiwiko. Mkaguzi akaacha kuandika, akauliza, "Bega lipi?"

"La kulia, mzee," nikasema. "La kushoto alikuwa analitunza kwa ajili ya bendera nyekundu."

Mjomba alikohoa. Kisha mkaguzi akafunga daftari lake, akasema habari hiyo inastahili kufundishwa vyuoni, na kwamba nianze kazi rasmi kesho.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nafuta malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la saba, pamoja na la nne ambalo lilikuwa limeshafutwa. Badala yake naomba toleo lijalo liwe na marekebisho haya: bega lilikuwa la kulia, mvua ilikuwa inanyesha, na yule mke, ambaye mmemsahau kabisa, atajwe. Mkaguzi ameahidi kununua nakala.

Karatasi zimeniishia, ndiyo maana haya nimeyaandika nyuma ya malalamiko yenyewe. Naomba usome upande huu tu.